Nakala Hii Imelinganishwa na Nini?

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi tano zinazofanana: barua ya usimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe. Mahakama ya Wilaya iliitoa kielektroniki, shemeji yake akamtumia picha ya barua hiyo kwa WhatsApp, naye akaichapisha steshenari. "Wakili, nigongee muhuri tu, benki wananisubiri." Printa ilikuwa imekula mstari wa mwisho, ule wenye tarehe ya kutolewa. Zote tano.

Sikugonga, ingawa nilimwonea huruma. Ninapoandika "nakala halisi" na kusaini, nasema kwamba nimeiona asili kwa macho yangu na nimeilinganisha na karatasi iliyo mbele yangu. Zamani asili ilikuwa karatasi yenye wino wa hakimu. Leo asili ni kumbukumbu iliyomo kwenye mfumo wa mahakama, na kila kinachotoka kwenye printa, hata kile cha kwanza kabisa, ni nakala. Kulinganisha karatasi na picha ya WhatsApp ni kulinganisha nakala na nakala.

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inaelekeza vizuri: afisa wa umma anayeitunza hati ya umma humpa mwenye haki ya kuikagua, kwa ada, nakala yake, akiandika chini yake kwamba ni nakala ya kweli, pamoja na tarehe, jina, cheo na muhuri. Kwa hiyo tulikwenda masijala ya mahakama. Karani aliandika namba ya shauri, barua ikafunguka, na mstari uliopotea ukaonekana. Mama akahesabu kwa vidole: benki, mfuko wa pensheni, ofisi ya ardhi, Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa ajili ya gari. Akaomba nakala sita, zikiwemo za akiba.

Barua ikiwa na msimbo wa QR, usiridhike kwa kuona nembo ya mahakama kwenye simu. Soma anwani ya ukurasa unaofunguka. Tovuti za serikali yetu huishia na ".go.tz". Nembo mtu yeyote anaweza kuibandika.

Lipo jambo zito zaidi, na hapa nawasihi hasa maofisa wa benki na ardhi. Muhuri unathibitisha kufanana tu. Hausemi kwamba usimamizi bado uko hai. Sheria ya Mirathi, Sura ya 352, inaruhusu mahakama kuutengua, kwa mfano ukiwa ulipatikana kwa udanganyifu, au msimamizi akikataa kwa makusudi, bila sababu ya msingi, kuwasilisha orodha ya mali anayopaswa kuitoa ndani ya miezi sita. Msimamizi aliyeondolewa mwezi Juni bado anaweza kuwa na nakala safi za mwezi Machi mkobani, zenye muhuri wa kweli kabisa. Yatima ndio watakaolipia haraka ya dirishani. Kabla ya kuhamisha fedha au kiwanja, ulizeni masijala, kwa namba ya shauri, siku hiyohiyo.