Tuandike Habari za Ukame Wenyewe

Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Hiyo ni hesabu ya ofisi. Je, mama aliyeuza mbuzi wa mwisho ili mtoto asiache shule, nani ameandika habari yake?

Tuchague kijana mmoja, tumnunulie daftari, tumfundishe hivi: Omba ruhusa kwanza. Sikiliza bila kukatiza. Andika mwaka, mahali, kilichopotea na jinsi walivyojisaidia. Usiahidi chakula, maana mtu atatia chumvi. Mwisho msomee mwenyewe arekebishe. Asipokubali, jina lisitajwe.

Siku tukiulizwa kwenye baraza tunahitaji nini, kisima au ghala, tutafungua daftari.