Alikuwa Mkutanoni, Lakini Hakusikia

Mweka hazina anasoma tarehe ya kulipa mikopo. Mwezi ukiisha, mama mmoja anatozwa faini. "Mimi sikuambiwa!" Wenzake wanajibu, "Si ulikuwa umeketi hapa?" Hapo vikundi vingi huvunjika. Na huenda wote wanasema kweli.

Mwaka wa 1953, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Colin Cherry alieleza jaribio lake. Mtu alivaa chombo cha kusikilizia masikioni. Sikio moja lilisomewa habari hii, na la pili habari nyingine, kwa wakati mmoja. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya sikio moja tu. Baadaye, akiulizwa yale ya sikio la pili, hakuweza kutaja hata neno. Alijua tu kwamba mtu alikuwa akiongea, na mara nyingi alitambua sauti ya mwanamume ikigeuka kuwa ya mwanamke. Lakini maneno yalipogeuzwa kuwa Kijerumani hakujua!

Sikio hupokea sauti zote. Akili ndiyo huchagua ya kufuata. Basi mama anayehesabu pesa au kunyamazisha mtoto hubaki na mlio tu.

Mwaka wa 1959 Neville Moray aliona kwamba jina la mtu mwenyewe hupenya, ingawa kwa thuluthi hivi tu ya watu. Kwa hivyo, mwenyekiti, ita jina la mwenye mkopo, ngoja akuangalie, ndipo usome tarehe. Mwache airudie mwenyewe, katibu aandike. Yule anayehesabu pesa, mngojeni amalize kwanza.