Mitambo ya upepo: Je, kelele zake humdhuru jirani?

UPEPO haununuliwi wala hauishi, na hiyo ndiyo sababu Kenya imeugeukia kuwa chemchemi ya kawi safi. Mitambo miwili ya kwanza, iliyotolewa na serikali ya Ubelgiji, ilisimikwa katika milima ya Ngong mwaka wa 1993.

Tangu hapo, minara mirefu myeupe imezidi kuongezeka. Mradi wa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit, ulioanza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka wa 2018, una mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Ule wa Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, ulioanza kazi mwaka wa 2021, una mitambo 60 na megawati 100.

Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayewasha taa jijini Nairobi hausikii mvumo wa mtambo. Anayeusikia ni jirani wa mnara, tena usiku, wakati ambapo ng'ombe wamelala na magari hayapiti.

Kelele hizo hutokana na mambo mawili. La kwanza ni mashine zilizo juu ya mnara, yaani gia na jenereta. Watengenezaji wamefaulu kuzipunguza kwa kiasi kikubwa kwa kuzifunika vyema.

La pili, ambalo ndilo kubwa, ni mapanga yenyewe yanapokata hewa. Chukua mfano wa aina ya mtambo unaotumika Marsabit. Mapanga yake huzunguka kiduara chenye kipenyo cha mita 52, kwa kawaida takriban mara 26 kwa dakika. Hii ina maana kwamba ncha ya panga hupita angani kwa kasi ya takriban kilomita 250 kwa saa.

Kwa kuwa kila mtambo una mapanga matatu, sauti haiji kwa mfululizo kama ya mto. Huja kwa kupanda na kushuka, mfano wa mtu anayepepeta nafaka bila kupumzika. Masikio huzoea upesi sauti isiyobadilika, lakini ile inayorudiarudia huyashtua hata ikiwa ndogo.

Usiku mambo huwa mabaya zaidi. Ardhi inapopoa, upepo wa chini hutulia ilhali ule wa juu ya mnara ungali unavuma kwa nguvu. Mtambo huendelea kuzunguka, lakini majani na miti iliyokuwa ikiifunika sauti yake mchana imenyamaza. Mwanafizikia Frits van den Berg wa Uholanzi alilieleza jambo hili mwaka wa 2004, alipochunguza malalamiko ya watu walioishi karibu na mitambo 17 mpakani mwa Ujerumani. Baadhi yao walikuwa umbali wa karibu kilomita mbili.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kwenye chanzo chake, sauti ya mtambo mkubwa hupita desibeli 100. Kufikia umbali wa mita 350 hivi, huwa imeshuka hadi kati ya desibeli 35 na 45, kiwango kilicho chini ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Lakini chumba cha kulala si uwanja wa mazungumzo.

Je, sauti hiyo huleta maradhi? Wapo wanaodai kwamba husababisha kizunguzungu, maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo kwenda mbio, hasa kutokana na mitetemo mizito mno isiyosikika kwa sikio. Utafiti haujaunga mkono madai hayo. Mnamo 2023, watafiti nchini Australia walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu 37 walipitishiwa mitetemo ya aina hiyo kwa saa 72 bila wao kujua. Usingizi wao na afya yao havikuathirika.

Mgala muue na haki mpe. Wizara ya afya ya Canada ilipowachunguza watu 1,238, matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2014 hayakuonyesha uhusiano wa kelele hizo na maradhi. Yalionyesha, hata hivyo, kwamba kero iliongezeka kadiri kelele zilivyoongezeka. Kero ya kila usiku si jambo la kupuuzwa.

Jambo jingine ni manufaa. Uchunguzi wa watu 725 nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulibainisha kuwa waliopata pesa kutokana na mitambo hawakukereka sana ingawa waliishi karibu nayo zaidi. Anayesikia kelele bila kupata chochote ndiye hulalama.

Mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwa nchi za Ulaya kwamba wastani wa kelele za mitambo hiyo usizidi desibeli 45. Halikuweka kiwango cha usiku, kwani ushahidi ulikuwa haujatosha.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009, chini ya sheria ya mazingira. Katika makazi ya watu, sauti nje ya nyumba haifai kuzidi desibeli 50 mchana, na 35 kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hivyo, mtambo unaosikika mlangoni kwa desibeli 40 usiku utakuwa umevuka mpaka.

Kupuuza majirani kuna gharama. Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria, Australia, iliamuru mwaka wa 2022 majirani wawili wa shamba la upepo la Bald Hills walipwe fidia ya dola 260,000 za nchi hiyo, na kelele za usiku zikomeshwe. Hapa nyumbani, mradi wa Kinangop wa megawati 60 ulisambaratika kufikia 2016 baada ya wakazi kuupinga, mzozo wa ardhi ukiwa miongoni mwa sababu kuu.

Suluhu zinajulikana: kutenga umbali wa kutosha kati ya mnara na boma, kupunguza kasi ya mapanga usiku na kuyatia kingo zenye meno kama ya msumeno ili hewa ipite kwa utulivu. Muhimu zaidi ni kupima kelele za eneo kabla mnara wa kwanza kusimama. Bila vipimo hivyo, mkazi atakayelalamika baadaye hatakuwa na cha kuonyesha ila macho mekundu.