Baisikeli Kisiwani: Njia, Usalama na Haki ya Mwendeshaji

Asubuhi na mapema, kabla jua halijakuwa kali, baisikeli huwa tayari ziko barabarani kisiwani Mombasa. Muuza mkate amefunga kreti kwenye keria na anapita duka kwa duka. Mfanyakazi anatoka Tudor kuelekea Kilindini kuwahi zamu. Kijana anapeleka samaki Marikiti. Wikendi wanaongezeka wale wanaoendesha kwa kupenda tu, wanaozunguka Kizingo na Mama Ngina Waterfront wakipunga upepo wa bahari.

Wote hawa ni watumiaji halali wa barabara, sawa na mwenye gari au mwenye tuktuk. Tofauti ni kwamba kosa dogo barabarani, liwe lake au la mwenzake, humuumiza yeye kwanza. Makala haya yanamweleza mkazi jinsi ya kuendesha baisikeli kwa usalama katika kisiwa chetu, wajibu wa madereva, na mahali pa kupeleka malalamiko barabara inapokuwa mbovu.

Kwa nini baisikeli inafaa kisiwani

Kisiwa cha Mombasa kina ukubwa wa takriban kilomita 14 za mraba, na sehemu kubwa ni tambarare. Kutoka Fort Jesus hadi Makupa ni karibu kilomita 4. Mtu anayeendesha polepole, kilomita 12 kwa saa, huufikia mzunguko wa Makupa kwa dakika 20 hivi. Wakati wa msongamano, gari linaweza kutumia muda huohuo au zaidi, na likifika bado litatafuta pa kuegesha.

Usafiri wa nguvu za binadamu si jambo geni hapa. Kabla ya magari kuenea, kisiwa kilikuwa na reli nyembamba zilizopitisha vigari vilivyosukumwa na watu kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hata jina la Ndia Kuu linatukumbusha historia hiyo. "Ndia" ni "njia" kwa Kimvita, na njia kuu ya mji ilikuwa ya watu wa miguu, punda na mikokoteni muda mrefu kabla ya kuwa ya magari.

Mwendeshaji wa Mombasa hana budi kuujua upepo pia. Msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, upepo hutoka kusini. Ukielekea Likoni utaupokea usoni, na ukirudi utakusukuma. Msimu wa kaskazi joto huwa kali, hivyo safari ndefu ifanywe asubuhi au jioni, na chupa ya maji isikose.

Ndani ya Mji wa Kale

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na milango mingi hufunguka moja kwa moja njiani. Mtoto anaweza kutoka mbio bila kuangalia. Wazee hukaa barazani, na mara nyingi miguu yao iko njiani. Kwa hiyo mwendo wa hapa ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, si zaidi.

Zingatia haya:

- Piga kengele kabla ya kona, kisha punguza mwendo. Kengele haikupi ruhusa ya kupita kwa kasi. Inawaarifu watu kwamba unakuja.
- Ukikuta watu wamejaa njiani, shuka usukume. Hili ni muhimu zaidi siku ya Ijumaa wakati wa swala, watu wanapoingia na kutoka misikitini.
- Kuwa mwangalifu mvua inaponyesha. Matofali ya kabro na mawe yaliyosuguliwa na miaka mingi ya nyayo huteleza. Funga breki mapema na kidogokidogo, wala usikate kona kwa ghafla.
- Mkokoteni uliobeba mzigo upewe njia. Anayeusukuma hawezi kuusimamisha mara moja.
- Usiegemeze baisikeli kwenye milango na nguzo za kuchongwa. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na nakshi ikikwaruzwa hairudi kama ilivyokuwa.

Wapanda baisikeli wengi wa zamani mtaani wana desturi nyingine ambayo haimo katika sheria yoyote: wanaposhuka au kupunguza mwendo, hutoa salamu. Anayesalimu huonekana, na anayeonekana hagongwi kwa urahisi.

Kwenye barabara kubwa

Digo Road, Moi Avenue, Jomo Kenyatta Avenue na barabara za Shimanzi zina hatari za aina nyingine. Ajali nyingi za baisikeli katika barabara kama hizi hutokea kwa njia zinazojulikana, na kila moja ina kinga yake.

*Mlango wa gari.* Unapopita kando ya magari yaliyoegeshwa, acha nafasi ya mita moja hivi. Mtu aliyemo ndani anaweza kufungua mlango bila kutazama nyuma.

*Matatu inayosimama.* Usijipenyeze kati ya matatu na ukingo wa barabara. Abiria hushukia upande huo. Subiri nyuma yake, au angalia nyuma, toa ishara ya mkono na upite upande wa kulia kukiwa salama.

*Trela linalokata kona.* Trela likipinda kushoto, tairi za nyuma hukata kona kwa ndani kuliko zile za mbele. Aliye kushoto kwake hubanwa. Dereva aliye juu hakuoni ukiwa karibu na ubavu wa gari lake. Kanuni ni rahisi: kama huwezi kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Baki nyuma. Na kamwe usishike gari linalokwenda ili likuvute.

*Mzunguko.* Kuingia kwenye mzunguko wenye magari mengi, kama wa Makupa, kunahitaji uzoefu. Si aibu kushuka, kuvuka kama mtu wa miguu na kupanda tena upande wa pili.

*Kwenda kinyume.* Baadhi yetu huendesha upande wa kulia tukidhani ni salama kuyaona magari yanayokuja. Si salama. Dereva anayetoka barabara ndogo huangalia upande magari yanakotoka, hatarajii mtu kutoka upande wa pili. Endesha kushoto daima.

Milango mitatu ya kisiwa

Wafanyakazi wengi hawaishi kisiwani. Wanaingia kutoka bara kupitia Makupa, daraja la Nyali au kivuko cha Likoni, na hapo ndipo magari yote hukutana.

Makupa ndiyo njia ya malori ya bandarini. Ukiweza, pita kabla ya msongamano wa asubuhi na uvae nguo ya rangi inayoonekana kwa mbali.

Kwenye daraja la Nyali, upepo wa kando juu ya maji unaweza kukuyumbisha. Shika usukani kwa mikono miwili na usibebe mzigo mpana unaonasa upepo. Upande wa kisiwani, pale Buxton, magari hugawanyika kuelekea njia mbalimbali. Amua unakoelekea mapema na uonyeshe ishara.

Likoni, shuka kwenye baisikeli kabla ya kuanza kuteremka. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia ferini huwa mkali zaidi, na sehemu iliyofunikwa na maji huteleza. Sukuma baisikeli taratibu, fuata maelekezo ya wahudumu wa kivuko, wala usipande tena mpaka utoke kwenye umati.

Kabla ya kutoka nyumbani

Tahadhari kabla ya hatari. Ukaguzi wa dakika mbili unatosha: bonyeza tairi uone kama zina upepo, jaribu breki zote mbili, zungusha pedali uone cheni inakwenda vizuri, piga kengele.

Hapa pwani tuna adui mwingine, naye ni chumvi. Hewa ya bahari hula cheni, spoku na nyaya za breki hata kama baisikeli imekaa tu. Ukitoka kuzunguka Mama Ngina, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha tia mafuta kidogo kwenye cheni. Waya wa breki ulioliwa na kutu hukatika siku unapoubana kwa nguvu zote, yaani siku unapouhitaji zaidi. Mpelekee fundi wa mtaani aubadilishe mapema. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jeraha.

Giza huingia karibu saa moja jioni. Weka taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na akisi kwenye magurudumu. Taa ya simu mkononi haitoshi, kwani inakunyang'anya mkono mmoja wa breki. Kofia ngumu ni kinga nzuri ya kichwa, na iwe imefungwa kidevuni.

Neno kwa madereva

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwendo wa juu zaidi ndani ya miji. Huo ni mpaka wa juu, si mwendo unaolazimika kwenda. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya gari hilohilo likiwa kwenye kilomita 30. Kwa mtu aliye juu ya baisikeli, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya kuchubuka na kupoteza maisha.

Unapoipita baisikeli, acha nafasi ya mita moja na nusu. Kama nafasi haipo, subiri. Usimpigie honi ya ghafla mtu aliye karibu, atashtuka na kuyumba kuelekea kwako. Wenye bodaboda na tuktuk mkumbuke kwamba njia ya kando ya barabara ni ya wanaotembea, si ya kukimbilia msongamano.

Ajali ikitokea, simama. Zuia magari yasimkanyage aliyeanguka, usimwinue kwa pupa wala kumkunja kwenye kiti cha tuktuk, na piga simu ya dharura 999 au 112.

Barabara hii iko chini ya nani?

Wakazi wengi hulalamika kuhusu shimo au mfuniko wa mtaro ulioibwa, lakini lalamiko linapelekwa kusikohusika na linakaa. Ni vizuri kujua mgawanyo wa kazi.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Serikali ya Kaunti inasimamia barabara za kaunti, taa za mitaani, pamoja na trafiki na maegesho. Barabara kuu za kitaifa, zikiwemo zinazoingia kisiwani kutoka Changamwe na Nyali, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu ya Kitaifa, KeNHA. Baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Kama hujui barabara yako ni ya nani, anza na afisi ya msimamizi wa wadi. Kisiwani tuna wadi tano: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo na Shimanzi/Ganjoni.

Lalamiko zuri lina mambo matatu: mahali hasa, hatari yenyewe, na picha. Kusema "barabara zetu ni mbovu" hakumsaidii mhandisi. Kusema "mbele ya duka fulani, upande wa kushoto ukielekea Tononoka, vyuma vya mtaro vimelala sambamba na barabara na gurudumu la baisikeli linazama" kunampa kazi ya kufanya. Vyuma hivyo vikigeuzwa vikakingama, tatizo limekwisha.

Wakati wa kusema ni upi?

Njia ya baisikeli, maegesho ya baisikeli sokoni au taa kwenye njia ya giza havijengwi kwa malalamiko peke yake. Lazima viingie kwenye mpango na kwenye bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi huanza mapema zaidi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Umma una haki ya kushirikishwa. Anayengoja Juni ili aombe njia ya baisikeli amechelewa kwa mwaka huo.

Pia, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti. Majirani kumi wanaoendesha baisikeli njia moja kila siku wanaweza kuandika ombi moja lenye mahali, sababu na sahihi zao. Nairobi ilipitisha sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015. Sera ya namna hiyo huhitaji watu wanaoweza kueleza safari zao zilivyo, na hakuna anayelijua shimo kuliko yule anayelikwepa kila asubuhi.

Kwa hiyo, mkutano wa ushirikishaji wa umma utakapotangazwa katika wadi yako, nenda. Nenda kwa baisikeli, kama inawezekana. Na kama hujawahi kuendesha mjini, anza Jumapili asubuhi barabara zikiwa tulivu: pita Treasury Square hadi Fort Jesus, kisha Kizingo, mpaka Mama Ngina. Ukishaizoea njia hiyo, safari ya kazini siku ya Jumatatu haitakutisha sana.