Je, Wajua? Amplifaya Kongwe Huzimwa, Lakini Hailali

Je, wajua kwamba amplifaya ya gitaa ya zamani inaweza kukupiga shoti hata baada ya kuichomoa kwenye umeme? Nyingi za Fender na Vox za miaka ya 1960 hutumia valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, kwa umeme wa ndani wa volti 300 au zaidi. Kapasita zake, vijisehemu vya kuhifadhi umeme, hubaki na chaji.

Kuna hatari nyingine pia. Mpiga gitaa wa Buswelu, Mwanza, anayetaka kubadilishana amplifaya yake mpya, iliyoundwa kwa mkono, na kongwe ya Marekani, asome kwanza maandishi ya nyuma. Yakisema volti 117, umeme wetu wa volti 230 unaweza kuiunguza. Atafute transfoma ya kushusha umeme kabla ya kupeana mikono.