Kinga ya viwanda vya bunduki Marekani: nani hubeba gharama?

Viwanda vya bunduki Marekani vina kinga ambayo sekta chache mno zinayo. Sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Oktoba 2005 inazuia kesi nyingi za kumdai fidia mtengenezaji au muuzaji wa silaha pale mhalifu anapoitumia kuua au kujeruhi.

Kinga hiyo ilitokana na hofu ya kufilisiwa na kesi. Kuanzia mwaka 1998, miji kama New Orleans na Chicago ilivishtaki viwanda, na hata kiwanda kinachoshinda kilibaki na ada za mawakili. Mwaka 2000 Smith & Wesson iliafikiana na serikali ya Rais Bill Clinton kubadili muundo wa bastola zake na utaratibu wa kuziuza. Wateja wakaisusia, mauzo yakaporomoka. Sekta ikageukia Bunge.

Hoja yake ina uzito: mwenye bidhaa halali asibebeshwe jinai ya mtu asiyemjua. Tena sheria haikufunga kila mlango. Bastola mbovu inayojifyatua bado inaweza kumfikisha mtengenezaji mahakamani, na vilevile kuvunja kwa makusudi sheria za mauzo au matangazo.

Kwa hoja ya matangazo, familia za baadhi ya waliouawa Desemba 2012 katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, walikopoteza maisha watoto 20 na watu wazima 6, ziliibana Remington. Mwaka 2022 kampuni za bima za mtengenezaji huyo, aliyekwisha kufilisika, zilikubali kulipa dola milioni 73. Mexico haikufanikiwa: Juni 2025 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliikataa kesi yake dhidi ya Smith & Wesson.

Gharama ambayo kiwanda hakiilipi haifutiki. Huilipa majeruhi, familia yake na hospitali ya umma. Kampuni ya bima inayojua kwamba huenda ikalipa huuliza mapema silaha inatangazwaje na inapitia kwa wauzaji gani. Kinga pana huyapunguzia maswali hayo nguvu. Bunge la Marekani lingeweza kumlinda mtengenezaji mwangalifu bila kumkinga mzembe, kwa kuwaachia majaji wapime uzembe wa kiwanda cha bunduki kwa kipimo kilekile wanachokitumia kwa kiwanda cha magari.