Karatasi ya matokeo kutoka mtandaoni si uthibitisho

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KARATASI iliyochapishwa kutoka kwenye tovuti, hata ikiwa na nembo na anwani kamili ya ukurasa, haitoshi kuthibitisha kwamba kilichoandikwa humo ndicho kilichotangazwa.

Sababu ni kwamba vivinjari vikubwa vya kompyuta, vikiwamo Chrome na Firefox, vina zana za kukagua tovuti, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha F12.

Zana hizo ziliwekwa kwa ajili ya watengenezaji wa tovuti, wanaotaka kujua kwa nini picha haionekani au fomu imegoma kutumwa. Mwaka 2006 Joe Hewitt, mmoja wa waanzilishi wa Firefox, alitoa programu ya Firebug, iliyomwezesha fundi kuchagua sehemu ya ukurasa, kuona msimbo wake na kuurekebisha papo hapo. Firebug ilisitishwa mwaka 2017, wakati kazi yake ilikwisha kuingizwa ndani ya vivinjari vyenyewe.

Ukurasa unapofunguliwa, nakala yake husafiri kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta ya msomaji. Zana hizi hubadilisha nakala hiyo tu. Seva haiguswi, na ukurasa ukipakiwa upya maandishi ya awali hurudi.

Chukulia mzazi wa Mwanga, mjini Kigoma, anayeletewa karatasi ya matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huyaweka matokeo hayo kwenye tovuti yake kwa namba ya shule na ya mtahiniwa, pamoja na daraja la ufaulu na alama za masomo. Sifuri yaweza kugeuzwa kuwa daraja la pili kwa dakika chache, bila nywila ya mtu yeyote, na mwandiko ukalingana kabisa. Huo si udukuzi, ingawa vijana hupenda kujisifu hivyo.

Hali ni hiyo hiyo kwa picha ya skrini inayoonyesha salio la benki.

Anayebadilisha taarifa kwa nia ya kuzitumia kama halisi anaweza kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mzazi mwenye shaka aandike mwenyewe anwani ya NECTA, necta.go.tz, kwenye simu yake, kisha atafute namba ya mtahiniwa. Asitumie kiungo alichotumiwa na mwenye karatasi.